Milango Minne Inayofanana

Benchi la kijiwe kile lilikuwa mlango. Mlango hasa, wa mbao ngumu, uliong'olewa kwenye jengo ambalo hakuna aliyelikumbuka sawasawa, ukalazwa juu ya matofali pembeni ya kibanda cha fundi viatu, na tangu siku hiyo watu wakawa wanaukalia badala ya kuufungua. Tundu la ufunguo lilikuwa bado lipo, upande wa kulia. Fundi viatu mwenyewe, ambaye mtaa mzima ulimwita Redio kwa kuwa hakujaliwa kitufe cha kuzimia, alikaa hapo hapo kila siku bila hata kugeuka kutazama: anashusha mkono nyuma, kidole kinalipata tundu, kiuno kinafuata. Kahawa ilikuwa ya Bi Birika, mwanamke wa birika moja na maoni mengi. Alhamisi hiyo, saa kumi jioni, yalikuwepo mazungumzo ya aina moja tu kwenye benchi, nayo yalihusu nyumba ya Tepu.

Tepu kazi yake ilikuwa kusoma mita za maji. Kutwa aliingia kwenye nyua za watu, akainama, akaandika namba, akatoka. Lakini kwa miaka sita aliyokuwa akijenga nyumba yake, kidogo kidogo kama mtu anayekula mfupa, aliingia pia na macho yake. Huku akaona dari, kule akaona vitasa, akachomoa tepu mfukoni akapima hata vya watu asivyotumwa kupima, na jina likamganda. Sasa nyumba ilikuwa imesimama na paa limekaa. Kilichobaki ni kumalizia ndani, na huko ndani ndiko kulikomnyima raha, kwa sababu Jumamosi mama yake alikuwa anakuja.

Mama aliishi peke yake katika nyumba ya zamani alimokulia Tepu. Mwezi uliopita aliungua mkono kwa sufuria. Tepu alipokwenda kumjulia hali, alisimama mlangoni akamtazama akitengeneza chai, na hapo akayaona mambo ambayo kwa miaka yalikuwa yakimpita hivi hivi. Mama alimimina chai akiwa ametumbukiza ncha ya kidole kikombeni ajue imefika wapi. Alipotoka jikoni, kiganja chake kilitambaa ukutani. Kisha akamsogezea mwanawe kikombe, akakiweka inchi mbili nje ya meza. Tepu akakidaka, chai ikamwagikia suruali, na wote wawili wakajua kwamba siri imeshatoka.

— Tangu lini, mama?

— Zamani kidogo. Mwanga wa dirisha nauona, na vivuli. Vinanitosha. Macho ni yangu, mdomo ni wako. Ufunge.

Aliufunga. Hakumwambia hata mkewe. Alimbembeleza mama siku nne ahamie nyumba mpya, na mama akakubali shingo upande: angekuja siku tatu, na kifuko kimoja cha nguo, aone. Nyumba ikimkubali, sawa. Isipomkubali, anarudi kwake kwenye sufuria zake, na asisikie tena mtu akimtajia habari za kuhama. Tepu alimjua mama yake vizuri, hakuwa mtu wa kusema jambo mara mbili.

Kwa hiyo pale kwenye benchi Tepu alikuwa amekaa bila kukaa. Aliivuta tepu nusu mkono, akaiachia ikajirudisha yenyewe, krrr, akaivuta tena.

— Iache hiyo tepu, Bi Birika alimwambia. Inanitia ganzi meno.

— Samahani.

— Korido nimeimaliza asubuhi, alisema Kioo, akipuliza kahawa yake taratibu.

Kioo ndiye aliyekuwa fundi wa plasta na rangi wa nyumba ile, na jina hilo alijipa mwenyewe kabla watu hawajampa baya zaidi. Alikuwa mwembamba, kope zake nyeupe kwa vumbi la msasa, na alizungumzia kuta kama wengine wanavyozungumzia watoto wao waliofaulu. Alieleza kwamba plasta ile nyeupe ya mwisho ameipiga mara tatu, ameisugua kwa msasa mkubwa, kisha mdogo, kisha mdogo kabisa ambao ukiushika unaweza kudhani ni kitambaa. Akawasha taa, akaiweka ubavuni mwa ukuta kutafuta kivuli cha kipele, akakikosa.

— Nzi akitua pale anateleza, alisema. Muulizeni mwenye nyumba. Nilimwambia apitishe mkono. Haya, Tepu, mwambie Redio, ulisikia nini?

— Sikusikia kitu, alisema Tepu.

— Umemsikia? Hakusikia kitu. Huo ndio ukuta.

Na kweli ndivyo ilivyokuwa. Asubuhi ile Tepu alipitisha kiganja kuanzia sebuleni mpaka mwisho wa korido, na kiganja kikafika mwisho bila kuambiwa chochote. Alitakiwa afurahi. Badala yake alihisi baridi ya ghafla mgongoni, akajisemea ni plasta haijakauka. Yeye mwenyewe ndiye aliyeomba iwe hivyo. Alimwambia Kioo hataki kitu chochote kinachotokeza, hata punje ya mchanga, maana mama yake ana mikono ya utu uzima na mmoja umeungua, hataki akwaruzwe. Kioo akang'oa misumari, akaziba ufa, akalainisha hata ile kona ambapo kuta mbili zilikutana vibaya. Fundi seremala naye akaleta milango minne ya korido, ya rangi moja, ya upana mmoja, vitasa vya aina moja na vyote upande mmoja, kama Tepu alivyoona kwenye nyumba ya daktari fulani aliyekwenda kumsomea mita. Mlango wa chumba cha mama, wa choo, wa jikoni, wa stoo. Ukisimama mwanzoni mwa korido, ilikuwa nadhifu mpaka unaogopa kukohoa.

— Sasa rangi, alisema Redio, akachomeka sindano yake ya kushonea kwenye kola ya shati, dalili kwamba kazi imesimama na hotuba imeanza. Chumba cha mama unapaka rangi gani?

— Nyeupe ya maziwa.

— Umekosea.

— Kwa nini?

— Nyeupe inamaliza kumbukumbu. Nimeiona mwenyewe. Mjomba wangu alipakiwa chumba cheupe, wiki nzima akawa anamwita mkewe kwa jina la jirani.

— Huyo hakusahau, alisema Bi Birika. Huyo alikumbuka.

Wakacheka, Tepu akacheka nao kidogo, kwa adabu. Redio hakuyumba. Alisema kijani ndiyo rangi ya mtu mzima kwa kuwa inaleta hamu ya kula, ila kisiwe kijani cha chumba chote, nusu ya chini tu, kwa sababu kijani kikimfika mtu usawa wa macho anaota anapotea msituni. Kioo alimwuliza kayasoma wapi hayo. Redio akajibu kwamba kuna mambo ya kusoma na kuna mambo ya kuishi muda mrefu.

— Mimi rangi siijui, alisema Bi Birika, akimwongezea Tepu kikombe ambacho hakikuombwa. Wasiwasi wangu sakafu. Vile vigae vinavyong'aa, mtu mzima akiviona anadhani maji. Anakunja nguo, ananyanyua mguu, tayari yuko chini.

— Nimeweka vya kukwaruza, alisema Tepu haraka. Havitelezi. Na vizingiti vyote nimevitoa, hakuna pa kujikwaa. Na pembe za meza nimezizungushia mpira.

Bi Birika alimtazama vizuri. Alikuwa na macho ya mtu anayepima birika kwa uzito bila kulifungua.

— Umefikiria sana, alisema.

— Ni mama.

— Dari lakini, alisema Redio, hapo ndipo umejimaliza. Umeweka ile duara katikati ya sebule, yenye maua?

— Nimeweka.

— Basi mtagombana. Maneno yakifika kwenye duara yanazunguka, hayatoki. Utamwambia mkeo jambo Jumatatu, Jumatano bado liko juu ya vichwa vyenu. Na nyumba mpya ndiyo mbaya zaidi, bado tupu, inarudisha sauti. Mkinong'ona jikoni mnasikika chooni. Ndiyo maana watu wakihamia nyumba mpya siri zote zinatoka mwezi wa kwanza.

Tepu aliisikia tepu ikijirudisha mfukoni kabla hajajua kwamba aliivuta. Neno siri lilimpata kifuani. Aliogopa mambo mengi siku hizi: aliogopa harufu ya rangi, kwamba mama angeumwa kichwa, aliogopa godoro jipya, aliogopa bomba la bafuni lililokuwa na upande wa maji ya moto. Lakini hofu iliyomkalia zaidi hakulijua jina lake, wala hakuweza kuwauliza hawa waliokuwa na majibu ya kila kitu, kwa sababu kuwauliza ni kusema. Na kusema kitu mbele ya Redio ni sawa na kukibandika kwenye nguzo ya umeme.

Redio aliitwa na mteja akaingia kibandani. Wakati huo ndipo alipotokea mwanamke mwenye daftari kwapani na kipeto cha vipande vya vitambaa vilivyoshikwa kwa pini. Alikuwa mshona mapazia. Mke wa Tepu ndiye aliyempa kazi ile, naye alikuwa ametoka kwenye nyumba mpya muda huo huo kupima madirisha. Kijiweni hapo hakuwahi kukaa. Aliwaamkia, akauliza nani ndiye mwenye nyumba, akakaribishwa, akakaa palipo wazi.

Redio akatoka na kiatu kimoja cha mteja mkononi. Akageuka, akashusha mkono nyuma kama siku zote, na mkono ukagusa goti la mtu. Akaruka. Alisimama pale katikati, mkono bado unapapasa hewani, akiwa hajui akae wapi kwenye benchi alilolikalia miaka kumi na moja.

— Nimekukalia mahali pako, kaka?

— Hapana, dada. Yaani, ndiyo. Lakini kaa tu.

— Ana tundu lake la ufunguo, Bi Birika alimweleza, akicheka mpaka birika linatikisika. Hakai kwa macho huyu, anakaa kwa kidole. Ukimhamisha anapotea.

Mshona mapazia alisogea kidogo, akagusa lile tundu, akatabasamu, akampisha. Redio alikaa, akatulia, uso ukamrudia. Yule mwanamke akafungua daftari.

— Sitakuchelewesha, kaka, alimwambia Tepu. Sebule nimeshaelewana na shemeji. Kimebaki chumba cha mama. Pazia nikushonee zito au jepesi?

Lilikuwa swali dogo, la mtu anayetaka kwenda kukata kitambaa. Tepu aliishika tepu mfukoni.

— Zito, alisema Redio. Mtu mzima analala mchana.

— Zito, alisema Kioo. Jua likipiga ukuta ule moja kwa moja rangi inachuja kabla ya mwaka.

— Zito lenye kitambaa cha ndani, alisema Bi Birika. Baridi ya alfajiri inaingilia dirishani, inakwenda magotini.

— Na mwanga mwingi unazeesha, Redio aliongeza. Ndiyo maana watu wanaofanya kazi ndani wanachelewa mvi. Mtazame mwizi wa zamani, hana hata mvi moja, kwa sababu maisha yake yote hakulijua jua.

— Mnanijibu ninyi, alisema mshona mapazia kwa upole, na mama ni wake yeye. Kaka, mwanga unamsumbua macho?

Tepu alitazama kahawa yake. Macho ni yangu, mdomo ni wako. Akasema hana uhakika. Akasema atamwuliza mkewe. Yule mwanamke akaangalia saa, akasema ili amalize kabla ya Jumamosi lazima akate leo, basi ataandika zito kama wengi walivyosema, na akaichovya ncha ya kalamu mdomoni, akaanza kuandika. Z, akaona Tepu. I. Aliliona dirisha la chumba kile, pazia nene limeshuka, na mama yake ameamka kitandani saa nne za asubuhi katikati ya giza, amegeuza uso huku na huku akilitafuta dirisha.

— Usiandike hivyo, alisema.

Kalamu ikasimama.

— Andika jepesi. Jepesi kuliko yote uliyonayo. Mwanga wa dirisha ndio kitu pekee anachokiona.

Upande wa pili wa barabara mtu alikuwa akifagia mbele ya duka, na ufagio ulisikika wote.

— Haoni? aliuliza Kioo.

— Vivuli. Na mwanga. Ndiyo maana sikutaka kitu cha kumkwaruza. Na nimeapishwa nisimwambie mtu, sasa nimewaambia ninyi, alisema Tepu. Ninyi watu wa kijiweni.

Redio alitaka kusema kitu, ikaonekana kabisa kinapanda kooni, akakimeza. Bi Birika alifunika birika kwa kitambaa bila sababu. Mshona mapazia alifuta neno lake daftarini, akaandika jingine, kisha hakuondoka. Alikuwa anafikiri. Aligeuka akamtazama Redio alivyokaa, kidole chake bado kiko kwenye tundu la ufunguo.

— Nimepita korido yenu sasa hivi kupima madirisha, alisema. Ile milango minne. Nilitaka kuingia chumba cha mama, nikaingia stoo. Na mimi naona. Huyu kaka ana tundu lake. Mama akitoka chumbani asubuhi, atashika wapi?

Tepu alimwelekea Kioo, kwa sababu ndiye aliyeujua ukuta. Kioo alimwelekea Redio, kwa sababu ndiye aliyekuwa na majibu. Redio aliangalia chini kwenye kidole chake mwenyewe. Kwa mara ya kwanza tangu mlango ule uwe benchi, swali liliulizwa pale na halikupata hata jibu la uongo.

Ndipo ile baridi ya asubuhi ilipomrudia Tepu, na safari hii akaijua ni ya nini. Kule nyumba ya zamani kiganja cha mama kilitambaa juu ya nyufa, vipele, misumari, mabaka ya plasta ya miaka arobaini, na kila kimoja kilimwambia kitu. Yeye alichukua msasa akavifuta vyote. Alimjengea mama yake nyumba isiyo na neno hata moja.

— Kahawa imekwisha, alisema Bi Birika. Twendeni.

Walikwenda wote. Hakuna aliyewaalika, na Tepu hakuwa na nguvu za kuwakataza. Redio alifunga kibanda na kiatu cha mteja kikiwa bado mkononi. Nyumbani hapakuwa na mtu, mke wa Tepu alikuwa amewafuata watoto shuleni. Walisimama mwanzoni mwa korido, jua la saa kumi na moja limeingia sebuleni likaishia miguuni mwao.

Redio alisema yeye anajaribu, kwa kuwa ana uzoefu. Akafumba macho, akaweka mkono ukutani, akaenda kuelekea chooni kwa hatua za mtu anayejiamini. Akafungua mlango, akasimama ndani muda.

— Choo chenu kidogo, alisema.

— Hiyo stoo, alisema Bi Birika.

Aliyefuata alikuwa Kioo. Yeye hakufika hata mlangoni. Alipitisha kiganja kwenye ukuta wake, hatua nne, tano, akasimama. Alisema ni kama kutembea kwenye ndoto, huna pa kujishikiza. Akasema tena kwamba ni kazi nzuri kuliko zote alizowahi kufanya, akaiegemea kwa paji la uso.

Redio tayari alikuwa na mapendekezo. Wafunge kamba kuanzia chumbani. Wachonge namba kila hatua. Kila mlango upewe kengele ya sauti yake. Mshona mapazia alimkatiza, akamwambia Tepu jambo rahisi: kwa nini asimwulize mama mwenyewe.

Tepu alipiga simu. Mkono wake mwingine ulikuwa mfukoni, umeifumba tepu.

— Shikamoo, mama.

— Marahaba. Mbona unaongea kama uko ndani ya pipa?

Redio hakuwa amekosea kila kitu. Nyumba ile tupu ilirudisha sauti. Sauti ya mama ilitoka kwenye simu, ikagonga ukuta mmoja, ikagonga wa pili, ikawafikia wote neno kwa neno.

— Niko kwenye nyumba. Mama, nina swali. Huko kwako, ukitoka chumbani kwenda chooni, unashika wapi?

Kwenye simu kilisikika kiti kikisogezwa.

— Uko na nani hapo?

Aliwatazama. Kioo amegandamana na ukuta. Redio kwenye mlango wa stoo na kiatu cha watu. Bi Birika na birika tupu. Mshona mapazia na daftari.

— Niko peke yangu, mama.

— Chooni kuna ufa, alisema mama, na sauti ilikuwa ndogo kuliko mwanzo. Kando ya mlango, usawa wa kiuno changu. Ule baba yako alioshindwa kuuziba. Jikoni kuna msumari wa kutundikia taulo. Stoo siendi.

— Na chumbani kwako?

— Chumbani hakuna kitu. Mkono ukikosa kitu, najua nimefika kwangu.

Bi Birika aligeukia dirishani.

— Usije ukachonga kila mahali ukanipoteza, mama aliendelea. Kitu kimoja chooni, kingine jikoni, visifanane. Basi.

— Sawa, mama.

— Na usimwambie mtu.

Redio alijiziba mdomo kwa kile kiatu.

— Sijamwambia mtu, alisema Tepu.

— Na hiyo gari ya Jumamosi, alisema mama, iwe na nafasi nyuma. Nitakuja na sanduku.

Alikata yeye. Tepu alibaki na simu sikioni, machozi yakimshuka bila yeye kuyafuta, na hakuna aliyemtania. Kioo alikwenda sebuleni, akarudi na mwiko wake wa plasta. Alisimama kando ya mlango wa choo, akapitisha kiganja mara moja juu ya ukuta ule ambao nzi angeteleza.

— Kiuno chake kinafika wapi? aliuliza.

Tepu aliitoa tepu, akaivuta, akaitazama. Alikuwa amepima kila kitu katika nyumba ile isipokuwa mama yake. Akairudisha mfukoni. Akafumba macho, akakumbuka mama anapomkumbatia kichwa chake kinamfika wapi kifuani, akashusha mkono mpaka chini kidogo ya kiuno chake mwenyewe, akauegemeza ukutani.

— Hapa.

Kioo akaweka ncha ya mwiko kwenye kidole cha Tepu, akangoja akitoe, akakwaruza.